Namba mbili za mtihani: kisa cha binti aliyepata chuo, jina lake likakosekana kwenye mkopo

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari isiyo ya serikali, yenye ada ya wastani, katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kisa hiki ni cha mwanafunzi wetu mmoja. Nimekiandika kwa ridhaa yake na ya mama yake. Jina Tumaini si lake, vyuo sivitaji, na mwaka nimeuacha makusudi. Nawaandikia walimu wenzangu wanaokaa na watoto wa kidato cha sita wakati wa udahili, pamoja na wazazi na walezi ambao simu zao ndizo hupokea ujumbe wa vyuo.

Usuli

Tumaini alifika kidato cha tano akiwa na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na matokeo yake ya kidato cha nne kutoka shule ya kata: daraja la tatu, pointi 25, C za Kiswahili, Biolojia na Jiografia, Kemia D, Hisabati F. Hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano cha serikali. Akakaa nyumbani mwaka mmoja, akarudia Kemia na Hisabati akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akapata C ya Kemia na D ya Hisabati. Matokeo hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye bahasha ya pili. Kwa hiyo binti huyu alikuwa na namba mbili za mtihani wa kidato cha nne: moja inaanza na herufi S, ya shule, nyingine inaanza na P, ya kujitegemea. Naomba msomaji azikumbuke herufi hizo mbili.

Baba yake alifariki Tumaini akiwa darasa la tano. Mama analima viazi, na kiangazi hushinda kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni. Ada ya shule ililipwa kwa mchango wa watu wawili: nusu baba yake mdogo, fundi magari mjini, na nusu parokia yao.

Alisoma tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Fomu yake ya kujiunga ilikuwa na swali linalouliza unataka kuwa nani, naye alijibu kwa herufi kubwa: DAKTARI.

Tulichokifanya kidato cha sita

Januari ya kidato cha sita niliwaita mmoja mmoja ofisini. Nilikuwa na nakala ya mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ule wenye orodha ya kozi zote na sifa za kujiunga. Nilimwambia Tumaini afungue mwenyewe ukurasa wa udaktari. Aliweka kidole kwenye mstari wa sifa akawa anasoma kwa sauti ya chini: Kemia, Biolojia, halafu kidole kikasimama kwenye Fizikia. Hakuinua kichwa. Baada ya muda akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua. Kila mwalimu wa sayansi anajua kwamba CBG haina Fizikia na kwamba mlango wa kuingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita umefungwa tangu siku mtoto anapoandikishwa tahasusi hiyo. Nilijua tangu siku niliyopokea fomu yake, nami sikusema kitu kwa mwaka mzima na zaidi. Nilijiambia kwamba ndoto humsukuma mtoto asome. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, nikamwomba radhi.

Baada ya hapo kazi ilianza kweli. Mambo mawili tuliyafanya mapema.

La kwanza lilikuwa karatasi za familia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humtaka mwombaji aliyefiwa na mzazi awasilishe cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Baba yake Tumaini alizikwa kijijini na cheti hakikuwahi kuombwa. Kilichokuwepo ni kibali cha mazishi, kimekunjwa ndani ya Biblia ya mama. Februari mama alianza safari za kwenda wilayani: barua ya mtendaji wa kijiji, kibali, mashahidi. Ilimchukua safari tatu na nauli aliyoipata kwa kuuza magunia ya viazi. Cheti kilitoka Aprili. Angeanza Julai, wakati kila familia yenye mtoto wa kidato cha sita inakimbilia ofisi hizohizo, sidhani kama kingepatikana kwa wakati.

La pili tuliliita karatasi ya chaguo. Vijana wanaomaliza kidato cha sita mwezi Mei huitwa Juni kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013. Matokeo hutoka Julai, dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa hapohapo, na mtoto mwenyewe yuko kambini akiamka saa kumi alfajiri, simu hana. Nani anamwombea? Kaka, mjomba, mwalimu, au kijana wa steshenari ambaye hajawahi hata kumwona. Ndiyo maana, baada ya karatasi yake ya mwisho ya mtihani, nilikaa na Tumaini tukaandika chaguo zake kabla ya kujua matokeo, tukigawa hali tatu: matokeo yakiwa mazuri kuliko tunavyotarajia, yakiwa kama tunavyotarajia, na yakishuka.

Chaguo lake la kwanza lilinishangaza. Nilidhani akikosa udaktari atachukua chochote chenye harufu ya hospitali. Yeye aliandika Sayansi ya Lishe. Aliniambia kuhusu mdogo wake wa mwisho, ambaye kliniki walisema amedumaa, na mama hakuelewa, kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na mahindi, viazi, maharage na maziwa ya kuuza. Hilo si la nyumba yao peke yake. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, wastani wa udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 30 nchi nzima, na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha wengine, ndiyo iliyokuwa juu kabisa, kwenye nusu ya watoto au karibu yake. Tumaini hakuwa na takwimu hizo. Alikuwa na mdogo wake.

Kwenye hali ya "yakishuka" tuliandika hivi, kwa mwandiko wake: "Kemia ikiwa D, namba moja isibadilishwe. Ziongezwe kozi mbili za chini." Akasaini. Akaniachia bahasha yenye nakala za vyeti, na namba ya simu ya kuweka kwenye maombi ikawa yangu, kwa sababu mama yake hana simu na ya baba mdogo ilikuwa inabadilika kila mara.

Julai: matokeo na maombi

Matokeo yalitoka: Kemia D, Biolojia C, Jiografia C. Daraja la pili, pointi 10.

Baba mdogo alinipigia akiwa na furaha kubwa kwamba mtoto amepata "pointi kumi, nyingi". Hapa kuna jambo linalowachanganya wazazi wengi, na inafaa mwalimu alieleze taratibu bila kumfanya mzazi ajione hajui. Kwenye madaraja ya Baraza la Mitihani, A huhesabiwa 1, B 2, C 3, D 4, kwa hiyo pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Kwenye udahili hesabu inageuzwa: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hapo zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yanayotakiwa na kozi, yakifikisha jumla ya 4.0. Kwa Kemia na Biolojia, Tumaini alikuwa na 5. Sifa anazo, lakini hana pa kupumulia, kwa sababu kutimiza sifa ni ruhusa ya kugombea nafasi tu. Nafasi zikiwa chache wanapewa wenye pointi za juu.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo, analipia kila chuo, na anaweza kuchaguliwa na zaidi ya kimoja. Nasema hili kwa sababu bado nakutana na walimu wanaowaambia watoto "TCU watakupangia", kana kwamba tuko kwenye ule mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010.

Nilituma maombi kwenye chuo cha kwanza kama karatasi ilivyosema. Lishe namba moja, Sayansi ya Chakula namba mbili, kisha kozi mbili za chini. Kwa kuwa kozi ilidai walau D ya Hisabati kidato cha nne, niliingiza namba ya S kama mtihani wa msingi, nikaongeza ya P kama mtihani wa marudio. Mpaka hapo sawa.

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Baba mdogo alitaka Tumaini asome ualimu wa sayansi, Kemia na Biolojia, katika chuo kilicho karibu na mji anaoishi. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi: mtoto angelala kwake, chakula angekula kwake, na ualimu wa sayansi umekuwa ukitajwa miongoni mwa kozi za kipaumbele katika mikopo. Alinitumia 10,000 ya maombi kwenye simu. Sikuweza kumpata Tumaini kambini. Niliogopa kwamba kwa 5 yake angekosa chuo cha kwanza kabisa, abaki mikono mitupu. Nikatuma maombi ya chuo cha pili bila yeye kujua.

Wiki moja baadaye alipiga kutoka kambini, kwa simu aliyoazimwa, dakika chache. Tulizungumza matokeo, nikampongeza, akauliza habari za mama. Chuo cha pili sikukitaja. Nilijiambia muda ulikuwa mfupi, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kumsikia akisema hapana.

Siku tatu za namba ya siri

Vyuo vyote viwili vilimchagua. Mwombaji aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalum ya siri kwa ujumbe wa simu, naye anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kabla dirisha halijafungwa. Ujumbe ulikuja kwangu. Tumaini alikuwa ameshatoka JKT, yuko kijijini kwa mama, ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shule ya msingi na kwingineko haupo.

Baba mdogo alipiga siku hiyohiyo. "Mwalimu, thibitisha ualimu. Mtoto tutamweleza." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha jambo mlilokwisha kukubaliana. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Sikuthibitisha. Nilimtumia ujumbe dereva wa basi dogo linalopita kijijini kwao, akampa habari mwenye duka, na kesho yake jioni Tumaini akanipigia akiwa juu ya kichuguu. Upepo ulikuwa unakatakata sauti. Nikamweleza yote: kwamba amepata Lishe, kwamba amepata na ualimu, kwamba ualimu niliomba mimi kwa pesa ya baba yake mdogo na sikumwambia. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nipe usiku huu, Mwalimu."

Asubuhi alipiga tena. Lishe. Nikamwambia sitathibitisha mpaka amwambie baba yake mdogo yeye mwenyewe, akiwa na mimi kwenye laini. Sikutaka baba mdogo aamini kwamba mwalimu ndiye aliyemgeuza mtoto. Niliunganisha simu zote tatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu ameshakueleza?"

Alimweleza sababu zake bila kukatiza pumzi, mdogo wake, kliniki, na kwamba ualimu anauheshimu ila hana wito nao. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa. Maisha ni yako. Lakini mkopo ukikosekana mimi nguvu zangu unazijua." Hakukasirika, ila alisema kweli tupu. Nikaingiza namba ya siri mchana huo, Tumaini akiwa bado juu ya kichuguu akisubiri nimwambie imekubali.

Mkopo ulivyopotea

Maombi ya mkopo Tumaini aliyafanya mwenyewe katika wiki ya mwisho ya dirisha. Fomu huchapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa na kamishna wa viapo, kisha kurasa zenye saini huskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Alikuwa na cheti cha kifo kilichohakikiwa, cheti cha kuzaliwa na 30,000 ya ada ya maombi. Nilimwambia kwa simu kwamba karatasi zake zimekamilika, aende tu steshenari ya wilayani, nami nikaendelea na ratiba ya muhula.

Steshenari ilikuwa na foleni hadi nje. Kijana wa kompyuta alimwomba cheti cha kidato cha nne. Tumaini akampa kilichokuwa juu kwenye bahasha, nacho kilikuwa cha P, kwa kuwa ndicho kizuri zaidi, ndicho alichojivunia. Kijana akakitumia kufungua akaunti. Hakuna aliyekosa uaminifu wala aliyefanya uzembe mkubwa. Ila sasa binti mmoja alikuwa watu wawili: chuoni ni S, kwenye mkopo ni P.

Oktoba orodha ya kwanza ya waliopata mkopo ilitoka, jina lake halikuwepo. Orodha ya pili nayo ilitoka bila jina lake. Watu walimwambia avumilie. Mimi pia nilimwambia avumilie. Baada ya orodha ya pili nilimwomba anipigie picha ya ukurasa wa akaunti yake. Picha ilikuja ikiwa na ukungu kwa sababu kioo cha simu aliyoazima kilikuwa kimepasuka. Nilisoma kuanzia juu, na mstari wa kwanza kabisa, kwenye namba ya mtihani, kulikuwa na P. Mfumo ulimtafuta mwanafunzi wa P kwenye orodha za vyuo, haukumwona, kwa hiyo kwa upande wa mkopo Tumaini alikuwa mtu asiye na chuo. Miongozo ya Bodi huwasisitizia waombaji kutumia namba ileile ya kidato cha nne waliyoombea chuo. Mimi nilikuwa nimeusoma mwongozo huo. Yeye hakuwa ameusoma, na siku ya kujaza fomu sikuwepo.

Tuligundua na jambo la pili. Kwa kuwa alisoma shule ya kulipia, ilipasa aambatishe barua ya parokia kuonyesha kwamba sehemu ya ada ilikuwa ufadhili. Bila barua hiyo, anayesoma fomu anaona yatima wa baba aliyelipiwa shule binafsi, na ana haki ya kujiuliza pesa zilitoka wapi. Barua hatukuifikiria hata siku moja.

Matokeo

Tumaini aliripoti chuoni akiwa amechelewa, na sehemu tu ya ada. Baba mdogo, yule aliyesema nguvu zake zinajulikana, aliuza jeki na mashine ya kuchomelea akalipa. Parokia ilichangisha Jumapili moja. Walimu wetu wanne tulitoa tulichokuwa nacho. Alipanga chumba na wenzake watatu nje ya chuo.

Kupitia afisa mikopo wa chuo aliandika barua ya kuomba marekebisho, akaambatisha vyeti vyote viwili, na dirisha la rufaa lilipofunguliwa akaongeza barua ya parokia. Muhula wa kwanza ukielekea ukingoni mkopo ulitoka, fedha za chakula na malazi, lile linaloitwa boom, pamoja na asilimia fulani ya ada. Iliyobaki familia inaendelea kulipa.

Baadaye aliniambia kwamba wiki zile za kusubiri alikuwa anakula mara moja kwa siku, jioni, na asubuhi anaingia darasani kusoma mahitaji ya mwili wa binadamu. Alinieleza bila kulalamika. Alipita mitihani yote ya muhula ule isipokuwa somo moja, alilolirudia akalifaulu. Sasa yuko mwaka wa pili.

Uchambuzi

Nianze na kilichofaulu, kwa kuwa ni kifupi. Kuanza na cheti cha kifo mwezi Februari kulifanya kosa la namba liweze kurekebishwa, maana rufaa isiyo na cheti kile isingekuwa na miguu. Karatasi ya chaguo nayo ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia, hasa ile sehemu ya "yakishuka". Kemia ilipotoka D, hofu yangu ilinisukuma nishushe Lishe niweke kozi rahisi juu, na mwandiko wake ndio ulionizuia. Mtoto akiwa ameamua mapema, akili imetulia, mtu mzima anayebaki na kompyuta Julai hana sababu ya kumwamulia.

Kungoja siku mbili juu ya namba ya siri nakuhesabu pia upande huu, ingawa kulikuwa na hatari. Ningethibitisha ualimu kwa ombi la mlezi, ningekuwa nimefuata mila zetu za kumheshimu anayelipa. Mwenzangu mmoja bado anaamini nilipaswa kufanya hivyo, na anasema: mkopo ungekosekana akiwa kwenye nyumba ya baba mdogo, asingelala na njaa. Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuitupa. Ninachomjibu ni kwamba njaa ile haikuletwa na kozi. Ililetwa na herufi moja, na herufi ile ingemfuata mpaka kwenye ualimu.

Sasa kilichoshindwa.

Kosa la namba lilitokea steshenari lakini mzizi wake uko ofisini kwangu. Nilipoingiza namba ya S kwenye maombi ya chuo, huo ulikuwa uamuzi, na uamuzi huo niliujua mimi peke yangu. Mwenye vyeti hakuujua. Nilikuwa nimemfanyia kazi badala ya kuifanya naye, na mtu uliyemfanyia kazi hawezi kuiendeleza akiwa peke yake kwenye foleni. Ningeandika mstari mmoja juu ya bahasha yake, "kila mahali tumia S", tungeokoa miezi mitatu.

Kuna pia ule uongo wa kimya kuhusu chuo cha pili. Kuomba chuo cha akiba kulikuwa busara, na ningependekeza kwa mtoto yeyote mwenye pointi 5. Kuficha ndiko kulikoharibu. Tulipofika kwenye namba ya siri, Tumaini alilazimika kupokea kwa usiku mmoja habari ambazo mimi nilikuwa nazo kwa wiki kadhaa, na alilazimika pia kuamua kama bado ananiamini. Aliniamini. Sikustahili kuliweka hilo kwenye majaribio.

Na lile la mwanzo ndilo linaloniuma zaidi. Tahasusi inachaguliwa mtoto ana miaka 16 au 17, mara nyingi kwa kuangalia C ziko wapi, na hakuna anayemwonyesha ukurasa wa sifa za kozi siku hiyo. Tumaini hakuwa na ufaulu wa Fizikia wa kumpeleka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa hiyo pengine udaktari ulikuwa umekwisha hata kabla hajafika kwetu. Hilo halinisafishi. Alistahili kujua kidato cha tano, wakati bado alikuwa na mwaka mzima wa kuomboleza ndoto moja na kuitafuta nyingine. Aliipata ya pili kwa nguvu zake. Wapo wenzake wa darasa lile waliofika Julai bado wanaandika DAKTARI kwenye karatasi ya CBG.

Tulichobadilisha, na ambacho hatujakiweza

Shule sasa inafungua daftari la kila mwanafunzi muhula wa kwanza wa kidato cha tano. Ukurasa wa kwanza una majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, yakiwa yameandikwa juu na chini ili tofauti ya herufi ionekane. Chini yake namba za mtihani zote, na moja imezungushiwa duara jekundu: hiyo ndiyo ya chuo, ndiyo ya mkopo. Ukurasa wa pili ni wa wazazi: yupo hai nani, cheti kipo au hakipo, nani analipa ada na barua yake iko wapi. Ukurasa wa tatu mwanafunzi ananakili kwa mkono wake sifa za kozi tatu anazozitaka. Wiki ya kufungua madaftari hayo huwa na machozi, na tumeona ni afadhali yatoke wakati huo.

Fomu ya mkopo haijazwi tena kwa maelekezo ya simu. Mwalimu mmoja hukaa steshenari ya wilayani siku mbili tulizokubaliana na mwenye steshenari, na watoto wetu wote huja siku hizo na madaftari yao.

Suala la simu bado hatujalimaliza. Tumewaomba wazazi wasajili laini moja kwa jina la mwanafunzi, ibaki nyumbani akiwa JKT. Wengine wamefanya. Wengine laini imesajiliwa, simu ya kuiweka hakuna, kwa hiyo inakaa kwenye simu ya kaka, na namba ya siri inakuja kwa kaka. Mwaka huu nimebaki na laini sita ndani ya droo ya ofisi, kila moja imefungwa kwenye karatasi yenye jina, na kila jioni kuanzia Agosti naziweka moja moja kwenye simu yangu ya akiba kuangalia kama kuna ujumbe. Ujumbe ukiingia, siufanyii lolote hadi mwenyewe apatikane. Dereva wa basi dogo bado ndiye ninayemtegemea kwa wale wa upande wa milimani.